Nyimbo za Banjo na Silsila Iliyokatwa

Katika fani zinazorithishwa kwa mdomo na mkono, mwanafunzi huulizwa kwanza amesoma kwa nani, ndipo baadaye huulizwa anajua nini. Watu wa visiwani na wa mwambao hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Aliyehifadhi Kurani humtaja ustadhi wake na ustadhi wa ustadhi wake; mpigaji udi hujulikana kwa jina la aliyemshika mkono; na hata fundi wa majahazi hujivunia aliyemfunza kushika tezo. Silsila ndiyo hati ya ustadi, na asiyekuwa nayo hutiliwa shaka hata kama kazi yake ni nzuri. Zipo, hata hivyo, fani ambazo silsila yake ilikatwa, mwanafunzi akabaki na jina na mwalimu akapotea. Mfano wake mkubwa ni nyimbo za kale za banjo za kusini mwa Marekani, na khasa zile zilizotiwa roho ya bluzi. Anayetaka kujifunza kuzipiga nyimbo hizo leo hujikuta, apende asipende, anajifunza historia. Kwani kila pigo la kidole lina mwenyewe, na aghlabu mwenyewe huyo hakuandikwa jina lake.

Banjo ni chombo kilichobuniwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu wakapelekwa visiwa vya Karibi na Amerika Kaskazini. Zile za mwanzo zilikuwa buyu lililokatwa ubavu na kuwambwa ngozi, likapitishwa mti mrefu kuwa shingo, na juu yake zikatandikwa nyuzi. Msomaji aliyewahi kuliona gabusi, lenye uso wa ngozi mahali ambapo udi una uso wa ubao, atapata sura yake kwa urahisi, ingawa vyombo hivi viwili vilizaliwa mbalimbali na kila kimoja kina nasaba yake. Tabibu Hans Sloane, aliyefika Jamaica mwaka 1687, alitia mchoro wa vyombo vya namna hiyo katika kitabu chake kilichoanza kuchapishwa London mwaka 1707. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa 3 wa Marekani na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, alieleza katika kitabu chake juu ya Virginia kwamba chombo khasa cha watu Weusi kiliitwa "banjar", na kwamba walikuja nacho kutoka Afrika. Karibu na miaka hiyohiyo, huko South Carolina, ilichorwa picha ya rangi ijulikanayo kwa jina la The Old Plantation. Ndani yake watumwa wanacheza, na mmoja amekaa anapiga banjo ya buyu yenye nyuzi 4, mmoja wao mfupi kuliko wenzake.

Uzi huo mfupi ndio ufunguo wa yote. Haubanwi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Hulia sauti ileile moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na kidole gumba cha mkono wa kulia huurudia baina ya mapigo mengine. Mahadhi hupita juu na chini, na uzi mfupi unabaki pale pale, kama mwitikiaji asiyechoka. Banjo iliyoenea baadaye ina nyuzi 5, na uzi wa 5 ndio huo mfupi.

Mwaka 2000 msomi wa Gambia, Daniel Laemouahuma Jatta, wa kabila la Wajola, alikwenda Marekani katika mkutano wa wakusanyaji wa banjo, akawaonyesha chombo cha kwao kiitwacho akonting. Chombo hicho kina buyu, kina ngozi, kina shingo ndefu na nyuzi 3, mmoja wao mfupi. Hayo peke yake yangetosha kuwashughulisha waliohudhuria. Lakini jambo lenye uzito zaidi lilikuwa mkono. Mpigaji wa akonting hushusha ukucha wa kidole kimoja juu ya uzi, kisha gumba linaudaka uzi mfupi. Ukucha, gumba, ukucha, gumba. Ni pigo lilelile ambalo wazee wa milima ya Appalachia walikuwa wakilirithisha kwa watoto wao, wengi wao wakiamini ni la mababu zao wa Kizungu. Hapana anayesema kwamba banjo ilitokana na akonting peke yake. Vyombo vya ukoo huo ni vingi Afrika Magharibi, na waliotupwa pamoja katika mashamba ya ng'ambo walitoka mataifa mengi, kila mmoja na alichokikumbuka. Hata hivyo mkono ulitoa ushahidi ambao vitabu vilikuwa vimeuficha: chombo kilipovuka bahari, kilivuka pamoja na namna ya kukipiga.

Wazungu walijifunzaje banjo? Kwa kukaa karibu na Weusi na kuwatazama. Katika miaka ya 1830 kijana wa Virginia, Joel Walker Sweeney, alianza kupanda majukwaani na chombo hicho, na inasimuliwa kuwa alifunzwa na Weusi wa jirani na kwao. Mwaka 1843 kundi la watu 4 lililojiita Virginia Minstrels lilifanya maonyesho New York. Walikuwa Wazungu waliojipaka masizi usoni, wakiigiza usemi na mwendo wa watumwa ili watazamaji wacheke. Maonyesho ya namna hiyo yakaenea miji yote ya Marekani na kuvuka hadi Uingereza, na banjo ikawa ndiyo nembo yake. Mwaka 1855 kikachapishwa Boston kitabu cha kufundishia, Briggs' Banjo Instructor, na pigo la ukucha likatiwa katika noti. Hapo silsila ilikatwa kwa mara ya kwanza. Pigo lilikwisha kupata kitabu, na mnunuzi wa kitabu hakuhitaji tena kumjua aliyelianzisha.

Watu Weusi waliendelea kuipiga banjo baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, katika karamu za mavuno na ngoma za Jumamosi usiku. Lakini kila kizazi kilichozaliwa kiliiona banjo zaidi kama chombo cha kejeli, kwa sababu picha ya mtu aliyepakwa masizi ilikuwa imebandikwa kila mahali: juu ya mabango, juu ya vitabu vya nyimbo, juu ya makopo ya bidhaa. Gitaa nalo likashuka bei, likawa chombo cha vijana. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Katika kisa hiki methali imepinduka: mtumwa ndiye aliyeishika asili, na walioiacha ni wajukuu zake waliozaliwa huru, kwa sababu asili yenyewe ilikwisha kupakwa masizi na watu wengine.

Bluzi ilipochomoza katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, banjo ilikuwa bado haijatoka mikononi mwa Weusi wote. Kusema kweli, banjo na bluzi si marafiki wa asili. Bluzi hupenda sauti inayovutwa, inayonyongwa, inayolia kwa muda. Na sauti ya banjo hufa mara tu baada ya kuzaliwa, kwani ngozi haishiki mlio kama ubao. Mpigaji alilazimika kutafuta hila. Aliweza kutelezesha kidole kutoka sauti ya chini hadi ya juu. Aliweza kuudondoshea uzi kidole baada ya kuupiga, ukatoa sauti ya pili bila pigo la pili. Aliweza kuunyofoa kwa kidole cha kushoto. Gus Cannon, aliyezaliwa Mississippi katika miaka ya 1880, aliwahi kuilaza banjo mapajani na kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, kama wafanyavyo wapigaji gitaa wa bluzi. Mwaka 1927 alirekodi kwa namna hiyo mjini Chicago, kwa jina la Banjo Joe, akisindikizwa na gitaa la Blind Blake.

Mwaka huohuo wa 1927 alirekodi pia mtu mwingine, ambaye jina lake ndilo linalotajwa kwanza kila panapozungumzwa bluzi ya banjo. Huyo ni Moran Lee Boggs, aliyeitwa Dock Boggs, Mzungu, mchimbaji wa makaa ya mawe. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1898 huko West Norton, katika pembe ya kusini magharibi ya Virginia, akiwa mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 10. Reli ilikuwa imekwisha kufika milima hiyo kufuata makaa, na makaa yakawaleta wafanyakazi kutoka kila upande, Weupe na Weusi. Kambi zao zilitengwa kwa rangi, lakini sauti haina kambi. Boggs aliingia machimboni angali mtoto wa miaka 12.

Ndugu zake walikuwa wakiipiga banjo kwa ukucha, kwa lile pigo la kushuka. Boggs alipata njia yake kwingine. Alipokuwa mdogo alimfuata kandokando ya reli, baina ya Norton na Dorchester, mtu Mweusi mpigaji gitaa aliyejulikana kwa jina la utani la Go Lightning, akitumaini kwamba atasimama mahali apige. Akitoroka usiku alikwenda kambi ya Weusi ya Dorchester, kulikokuwa na ngoma, akazisikiliza bendi za nyuzi zikipiga. Huko aliwaona wapigaji banjo ambao hawakushusha ukucha. Walizidonoa nyuzi kwa gumba na vidole, sauti moja moja, kila sauti mahali pake. Mtoto yule alitia nia kwamba namna hiyo ndiyo atakayopiga, na ndiyo aliyopiga maisha yake yote. Baadaye alijifunza wimbo kwa Jim White, mwanamuziki Mweusi wa maeneo yale, na wimbo mwingine kwa Homer Crawford, msafiri Mzungu, ambao yeye Boggs aliugeuza ukawa "Country Blues".

Mwanafunzi anayekaa leo na banjo mapajani kutaka kuiga sauti ya Boggs hugundua upesi kwamba ugumu hauko katika kasi. Kwanza uko katika kulinganisha nyuzi. Banjo ya aina hii haina ulinganisho mmoja. Kila kundi la nyimbo lina wake, na mpigaji huzungusha vigingi baina ya wimbo na wimbo. Ulinganisho ulio maarufu kuliko yote, ukianzia uzi mfupi, ni g, D, G, B, D: nyuzi zikipigwa wazi, hutoa mlio wa furaha uliotimia. Sasa uzi wa 2 ukipandishwa nusu hatua tu, kutoka B hadi C, furaha ile huondoka, lakini huzuni haiingii mahali pake. Sauti ya 3 ya ngazi, ambayo ndiyo huamua kama muziki umecheka au umelia, haimo tena katika nyuzi. Wapigaji wa milimani waliupenda ulinganisho huo, na Boggs alikuwa na ya kwake mingine yenye ukiwa kama huo. Faida yake kwa bluzi ni kubwa, kwa maana mwimbaji wa bluzi huiweka sauti yake ya 3 katikati, mahali ambapo hapana kigingi wala kituo cha shingoni kinachopafikia. Banjo inapoiacha nafasi hiyo wazi, koo huingia.

Ugumu wa pili ni kwamba wimbo hauongozwi na mkono. Boggs aliimba, na banjo ikamfuata sauti kwa sauti, ikingoja pale alipovuta pumzi, ikikimbilia pale alipokatiza neno. Mistari yake haina urefu sawa. Anayehesabu mapigo kwa mguu atapotea. Anayeyajua maneno na kuyaimba kwanza, bila chombo, atafika. Wazee wa fani hii hushauri hivyo: wimbo uingie kifuani kabla ya kuingia vidoleni. Mtu aliyefunzwa taarabu ya zamani, ambamo chombo hulazimika kumsikiliza mwimbaji anapopamba neno, hataliona shauri hilo kuwa geni.

Turudi kwenye silsila, kwani ndipo ilipokatwa kwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa biashara. Agosti 1920 mwimbaji Mweusi Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", na mauzo yake yakawafahamisha wenye kampuni za santuri kwamba Weusi nao ni wanunuzi. Miaka michache baadaye waligundua hivyohivyo kuhusu Wazungu wa mashambani. Basi wakatenga orodha mbili: moja ya santuri za Weusi, nyingine ya santuri za watu wa milimani. Mwanamuziki Mweusi aliyepiga fidla na banjo kama jirani yake Mzungu alikuwa na nafasi finyu katika orodha zote mbili, kwani kwa wauzaji mtu Mweusi alikuwa ni bluzi, na banjo ya mlimani ilikuwa ni Mzungu. Zile bendi za nyuzi za Weusi, ambazo zilikuwa nyingi, ziliingia katika santuri kwa uchache mno. Waliokuja baadaye wakazisikiliza santuri na kudhani kwamba kilichorekodiwa ndicho kilichokuwapo.

Boggs aliitwa kujaribiwa na kampuni ya Brunswick katika hoteli ya Norton mwanzoni mwa 1927, akaenda na banjo ya kuazima. Alikubaliwa, akapelekwa New York, akarekodi nyimbo 8. Mojawapo, "Down South Blues", alikuwa ameupata kutoka santuri za waimbaji wanawake Weusi wa bluzi. Aliusikiliza wimbo uliopigwa kwa piano, akauhamishia katika nyuzi 5. Hebu msomaji aitazame njia iliyopitwa: wimbo wa mwanamke Mweusi wa mjini ukaingia kambi ya makaa, ukapigwa na Mzungu kwa mkono alioujifunza kwa Weusi wa Dorchester, kwenye chombo kilichoasisiwa na watumwa, kisha ukauzwa katika orodha ya Wazungu. Lebo ya santuri iliandika Dock Boggs. Waliomfunza, lebo haikuwa na nafasi yao.

Mwaka 1929 alirekodi nyimbo 4 nyingine kwa kampuni ndogo, na mdororo wa uchumi ukafuata. Nyumbani napo palikuwa na vita vingine: mkewe na majirani washika dini waliiona banjo kuwa ni njia ya pombe na ugomvi. Boggs akaiweka banjo rehani, akarudi machimboni, akanyamaza kwa zaidi ya miaka 20. Gus Cannon naye, huko Memphis, akaishi kwa vibarua. Mwaka 1963, kundi moja la waimbaji Weupe lilipoufanya wimbo wake "Walk Right In" kuwa maarufu kote Marekani, mzee huyo alikuwa ameiweka rehani banjo yake ili apate makaa ya kuota moto wakati wa baridi.

Aliyeirudisha sauti hiyo masikioni mwa watu ni mkusanyaji wa santuri kuukuu aliyeitwa Harry Smith. Mwaka 1952 alitoa kupitia kampuni ya Folkways mkusanyo wa nyimbo 84, Anthology of American Folk Music, zote zikiwa zimetolewa katika santuri za miaka ya 1920 na 1930. Boggs alikuwamo, na Cannon na kundi lake la wapiga mitungi alikuwamo. Smith alifanya jambo moja la ajabu: hakuandika nani Mweusi na nani Mzungu. Aliuchanganya tena muziki ambao wauzaji walikuwa wameutenga, na wasikilizaji wengi walikaa miaka wakiwakosea waimbaji rangi zao. Vijana wa mijini wakaanza kujifunza kwa santuri, wakirudisha sindano nyuma mara mia kwa ajili ya pigo moja, wakisaidiwa na kitabu cha Pete Seeger kilichotoka kwanza mwaka 1948. Ndugu yake Pete, Mike Seeger, alikwenda milimani mwaka 1963, akamkuta Dock Boggs yu hai, amestaafu machimbo. Mwaka huohuo mzee akapanda jukwaani Newport, akaanza kurekodi upya, akaendelea kupiga hadi alipokaribia kufa, tarehe 7 Februari 1971, siku aliyotimiza miaka 73.

Mike Seeger alirekodi nyimbo, na alirekodi pia mazungumzo. Humo ndimo Boggs alipoitaja silsila yake kwa ulimi wake: gitaa la Go Lightning, ngoma za Dorchester, Jim White, Homer Crawford, na santuri za bluzi. Hakuficha. Hili ni jambo la kumhesabia, na linaonyesha pia kosa lilikuwa wapi. Mwanafunzi alikuwa tayari kuwataja walimu wake tangu siku zote. Hakuwapo wa kumuuliza.

Wakati sifa hizo zikirudi kwa Boggs, wapigaji banjo Weusi walikuwa wangali hai huko North Carolina na Virginia. Mkutubi wa muziki Dena Epstein alitumia miaka mingi kupekua shajara, barua na masimulizi ya wasafiri, akatoa kitabu chake mwaka 1977 kilichothibitisha kwa nyaraka kwamba banjo ni ya Waafrika na vizazi vyao. Cecelia Conway aliwatembelea wazee kama Dink Roberts na John Snipes, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Mwaka 1998 Smithsonian Folkways wakatoa mkusanyo wa sauti za wapigaji kama hao. Ndani yake msikilizaji anasikia pigo la ukucha na mdonoo wa vidole vikikaa katika mkono mmoja, na nyimbo ambazo haziko wazi kama ni za ngoma ya zamani au ni za bluzi, kwa sababu zimesimama pale ambapo moja inageuka kuwa nyingine.

Miongoni mwa wazee hao walikuwa Joe Thompson, aliyezaliwa mwaka 1918 karibu na Mebane, North Carolina, mpigaji fidla, na binamu yake Odell Thompson, mpigaji banjo, aliyefariki mwaka 1994. Joe alijifunza kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake aliyeishi utumwani. Hiyo ni silsila isiyokatika, na ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja. Aprili 2005 wanamuziki na wataalamu walikutana katika chuo kikuu cha Appalachian State, mjini Boone, kuzungumzia banjo ya Weusi ya zamani na ya wakati wetu. Huko walikutana vijana waliokuja kuunda kundi la Carolina Chocolate Drops: Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson. Vijana hao Weusi walianza kwenda kwa Joe Thompson siku za Alkhamisi, wakakaa naye nyumbani kwake, wakapiga alichopiga.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ile ya kale. Hakuwapa noti. Alianza wimbo, akaupiga tena na tena, na wao wakaingia pale walipoweza kuingia, hata mkono ukazoea. Watu waliojifunza kwa santuri hupata wimbo kama ulivyokuwa mchana mmoja wa 1927, dakika 3, umekatwa mwisho kwa sababu sahani imejaa. Aliyejifunza kwa Joe Thompson aliupata ukiwa hai, unaorefuka maadamu wachezaji hawajachoka. Mwaka 2007 Thompson alipewa heshima ya taifa kwa kuihifadhi fani hiyo. Albamu ya wanafunzi wake, Genuine Negro Jig, ilitoka mwaka 2010, ikashinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwalimu alifariki Februari 2012, akiwa ameyaona hayo.

Wapo wasemao kwamba nyimbo hazina mwenyewe, na kwamba Boggs, kwa kuyachanganya aliyoyasikia, aliumba kitu ambacho hapana mwingine angekiumba. La pili ni kweli tupu. Sauti yake haifanani na ya mtu, na wala si wizi mtoto kuvutiwa na ngoma ya jirani. La kwanza ndilo lenye hitilafu, kwani husemwa zaidi na yule ambaye jina lake limo katika lebo. Kumtaja mwalimu hakumpunguzii mwanafunzi kitu. Kutomtaja kulimpunguzia mwalimu kila kitu. Kulimnyima malipo, kulimnyima nafasi katika vitabu, na mwishowe kuliwafanya hata wajukuu zake waamini kwamba chombo kile si chao.

Mwaka 2023 Rhiannon Giddens, pamoja na Michael Abels, alitunukiwa tuzo ya Pulitzer kwa opera yao iitwayo Omar. Ni habari ya Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, aliyeuzwa utumwani Marekani na kuishi miaka mingi North Carolina, jimbo lilelile la Joe Thompson. Mwaka 1831 Omar aliandika maisha yake kwa Kiarabu, kwa kurasa chache. Alikuwa amenyang'anywa nchi, jamaa na uhuru, na karatasi ilikuwa ndogo. Hata hivyo alitenga nafasi ya kuwataja kwa majina masheikh waliomsomesha.

Basi mtu anayejifunza "Country Blues" leo, kwa santuri, kwa kitabu cha namba au kwa picha za video, akiulizwa amesoma kwa nani, jibu lake la haki haliwezi kuwa fupi. Amesoma kwa Dock Boggs, mchimba makaa wa Norton, naye Boggs alisoma kwa Homer Crawford na kwa Jim White, na kwa santuri za wanawake wa bluzi. Na kabla ya wote hao, kwa Go Lightning, ambaye jina lake la utani ndilo tulilonalo, na kwa wapigaji wa Dorchester waliokuwa wakichezesha ngoma usiku na hawakujua kwamba mtoto amesimama gizani anaitazama mikono yao.